Karo linalojaa kila mara halitibiwi kwa gari la majitaka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wakazi wengi wa Dar es Salaam ambao nyumba zao hazijafikiwa na bomba la majitaka, nao ndio sehemu kubwa ya jiji hili lililohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5 katika Sensa ya 2022. Karo la choo linapoanza kufurika kila baada ya wiki chache, desturi yetu ni kuita gari la majitaka, na gari lisipofua dafu tunamwita fundi achimbe shimo jingine kando ya lile la zamani. Fedha nyingi huzikwa ardhini kwa namna hiyo, na masika yakirudi, harufu na maji meusi navyo vinarudi uani.

Karo lililojengwa sawasawa lina sehemu mbili. Ya kwanza ni tangi lisilovuja, ambamo tope hutuama chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka kupitia bomba lenye umbo la herufi T. Ya pili ni shimo la kufyonza, ambalo hupokea maji hayo yakiwa bado na vijidudu vingi vya maradhi na kuyaachia udongo uyachuje polepole. Ndiyo kusema tangi zima linalofanya kazi vizuri huwa limejaa hadi usawa wa bomba la kutokea wakati wote. Kujaa kwake si ugonjwa. Ugonjwa ni maji kukosa pa kwenda. Tangi likiachwa miaka mingi bila kunyonywa, tope hupanda hadi likavuka bombani na kuingia kwenye shimo la kufyonza, na huko, pamoja na utando mweusi wenye utelezi unaoota juu ya kuta, huziba vinyweleo vya udongo. Hali ikishafikia hapo, gari la majitaka huleta nafuu ya siku chache tu, na hamira na unga wa dawa unaouzwa madukani hauwezi kuufungua udongo ulioziba.

Nyumba tunayoishi iko bondeni, na tulipolazimika kuweka mfumo mpya, fundi wa kwanza alishauri shimo refu kuliko la awali. Alipoanza kuchimba, maji ya ardhini yalionekana kabla hajafika kimo cha kiuno, ilhali hata mvua za vuli zilikuwa hazijaanza. Shimo refu mahali pa namna hiyo haliwezi kufyonza kitu, kwa sababu maji ya ardhini ndiyo yanayoingia ndani yake, na kila mita inayoongezwa chini huyasogeza majitaka yetu karibu zaidi na visima vya majirani. Mwongozo unaotumika sana duniani unataka kitako cha shimo la kufyonza kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini, na shimo lenyewe liwe mita 30 kutoka kisimani. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 20 umbali huo haupatikani ndani ya uzio wa mtu mmoja, kwa hiyo huwezi kuamua mahali pa karo bila kujua jirani amechimba wapi kisima chake. Mazungumzo hayo ni mazito kati ya majirani, lakini ni lazima yafanyike.

Kinachofaa bondeni ni mitaro mirefu ya kina kifupi iliyojazwa kokoto, au tuta lililoinuliwa kwa mchanga, ili maji yapite kwenye udongo mkavu kabla ya kufika chini. Penye udongo wa mfinyanzi kipimo chake ni rahisi: unachimba kishimo, unakilowesha usiku kucha, asubuhi unakijaza tena na kupima maji yanashuka kwa kasi gani. Kazi hiyo haihitaji mashine, na ndiyo inayoonyesha ukubwa wa eneo la kufyonzea. Hata hivyo katika mtaa wetu sijaona nyumba nyingine iliyopimwa kabla ya kuchimbwa.

Jambo hili linapita mipaka ya ua wa mtu mmoja. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia Kinondoni kabla ya kusambaa mikoani, na bado wapo wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo vyao kwenye mitaro inayopita mbele ya nyumba za wenzao. Aidha, shimo la zamani likiachwa wazi au kufunikwa kwa mbao, ni mtego kwa watoto. Na kijana anayeshushwa ndani kwa kamba kuchota tope anaweza kuuawa na hewa chafu katika dakika chache, na anayemfuata kumwokoa akafa vilevile. Shimo lililostaafishwa linyonywe kwa gari, kisha lijazwe kifusi na kushindiliwa.

Ombi langu kwa halmashauri za Dar es Salaam ni kwamba kubadilisha karo kuchukuliwe kuwa ujenzi unaohitaji kukaguliwa, kama ilivyo kwa nyumba yenyewe. Afisa afya wa kata aone kipimo cha udongo na kina cha maji ya ardhini kabla shimo halijachimbwa, akague bomba la T na mifuniko ya chemba kabla havijafukiwa, na gharama yake iwe ndogo kiasi kwamba mwenye nyumba asishawishike kuchimba usiku. Vipimo hivyo vikiwekwa kwenye daftari la mtaa, anayejenga mwakani atajua bondeni maji yako kina gani kabla hajamlipa fundi.

Mkazi wa Kinondoni,
Dar es Salaam