Salamu za Diwali (20 Oktoba 2025) na Mwaka Mpya wa 2082

Jai Shri Krishna, ndugu, jamaa, majirani na marafiki wa karibu na mbali.

Kwa niaba ya familia yetu nawatakia Diwali njema, yenye heri, afya na baraka. Mama Lakshmi, mungu wetu wa kike wa neema na mali, aingie kila nyumba, na mwaka 2082 wa kalenda yetu ya Vikram Samvat uwafungulie milango ya riziki. Wajaina, nawatakia amani katika kumbukumbu ya nirvana, yaani ukombozi wa mwisho, ya Bwana Mahavira, mwalimu wenu mkuu. Masingasinga, heri ya Bandi Chhor, siku ya kukumbuka Guru wenu alipotoka kifungoni.

Mwaka huu salamu zimechelewa, na sababu mnaijua. Nchi iko matangani. Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani wa Kenya, alifia Kerala, India, tarehe 15 Oktoba, alikokwenda kwa tiba ya Ayurveda, ile tiba ya jadi ya Kihindi, akazikwa Bondo jana Jumapili. Leo ni Siku ya Mashujaa, na leo hiyo hiyo ni Diwali. Basi taa tuwashe, fataki tuziache. Jirani akiwa na msiba hapigiwi baruti dirishani, na hilo halihitaji pandit, kuhani wetu, wa kutufundisha.

Halafu bei. Samli, lozi, sukari, unga wa dengu, kila kimoja kimepanda kana kwamba vimekubaliana. Atakayewaletea kaju katli, zile tamutamu za korosho, mwaka huu, mpokeeni kwa mikono miwili. Dhahabu ndiyo usiseme: mwezi huu wa Oktoba 2025 imevuka dola 4,000 kwa wakia. Jumamosi ya Dhanteras, siku ya kununua dhahabu au chombo kipya cha madini kwa heri, nilipita kwa sonara nikaona watu wamejaa, wanauliza bei, wanapiga hesabu kwenye simu, kisha wanatoka na sarafu ndogo ya fedha. Wengine walitoka mikono mitupu wakiangalia chini, na hao ndio walionisikitisha, maana hakuna fedheha pale.

Mama yetu, aliyetutoka mwaka huu baada ya Holi, sikukuu ya rangi, hakuwahi kuiona fedheha hiyo. Miaka ya shida alinunua mwiko wa chuma, akaupaka chandlo, ile alama nyekundu ya baraka, akauweka mbele ya Lakshmi pamoja na ua moja. Tulipomcheka alisema, "Lakshmi haulizi risiti." Droo ya jikoni bado imejaa ile miiko, mingine haijawahi kugusa sufuria. Mwaka huu kwetu hatukaangi vitafunio vya Diwali, si mathia wala ghughra, kwa sababu ya msiba. Nilidhani nimeshazoea, mpaka juzi nilipofungua droo ile kutafuta kisu nikashindwa kuifunga.

Sasa mniwie radhi, maana Diwali bila nasaha si Diwali. Wazee wetu hawakukataza mali. Waliipanga: kwanza dharma (wajibu na haki), kisha artha (mali), halafu “kama” (matamanio), na mwisho moksha (ukombozi wa roho). Artha imekaa nyuma ya dharma, na sisi tumeivuta mbele kwa nguvu. Katika Katha Upanishad, moja ya maandiko yetu ya kale, Yama, mungu wa mauti, alimwekea kijana Nachiketa tembo, farasi, dhahabu na umri mrefu. Kijana akajibu kwamba mali haimshibishi mtu. Kijana huyo, na sisi wenye mvi tunashindana kwa uzito wa bangili! Isha Upanishad inafungua kwa maneno yanayofanana na hayo: furahia kwa kuachilia, usitamani mali ya mtu.

Siku hizi yoga imekuwa mkeka na nguo za kubana. Sina ugomvi na mkeka, mgongo wangu unaushukuru. Lakini Patanjali, mwandishi wa kale wa Yoga Sutra, aliweka santosha, yaani kuridhika, ndani ya niyama (nidhamu za nafsi) kabla hajafika kwenye asana (mikao ya mwili). Kuridhika huku si kukunja mikono. Gita, kitabu chetu kitakatifu, inasema kazi ni haki yako, matunda yake si yako kuyadai, kwa hiyo fanya kazi, tena ifanye vizuri. Ila usikope ili jamaa wakuone umevaa. Usimpunje mteja mizani mchana, kisha jioni ukapiga magoti kwenye Chopda Pujan, ibada ya kubariki vitabu vya hesabu. Hata ile kompyuta mnayoipaka kumkum, ule unga mwekundu wa ibada, inajua mlichoandika ndani yake. Na kabla ya sanduku la mithai kwa tajiri mwenzako, mlipe dada anayekufulia, umwongeze bakshishi yake, usisubiri akumbushe. Vijana, waguseni wazee miguu kwa heshima Jumatano asubuhi ya mwaka mpya, wote, hata yule mjomba mnayemkwepa kwa maswali yake ya ndoa. Msingoje mpaka mbaki na droo.

Kwa mnaouliza kila mwaka: kesho Jumanne ni dhoko, siku tupu kati ya Diwali na mwaka mpya, mwaka mpya ni Jumatano tarehe 22. Mlango wetu utakuwa wazi kuanzia saa moja asubuhi. Mithai mtaleta nyinyi, kama desturi ya nyumba yenye msiba ilivyo. Chai ya tangawizi tutapika sisi.

Mwenyezi Mungu awalinde, awape afya, umoja na biashara yenye baraka. Saal Mubarak, yaani heri ya mwaka mpya, kwenu nyote.