Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mtwara

Ndugu wanachama, wahadhiri na wakufunzi wenzangu wa vyuo,

Mahesabu atayasoma mhazini, sitamwingilia. Niseme tu kwamba ada zimeingia kwa mtindo wetu uleule: kimya mpaka korosho ziende mnadani, halafu foleni. Wa Masasi na Newala wamemaliza. Wa hapa mjini, msio na mkorosho wa kusingizia, mnajijua.

Kilichotutawala mwaka huu ni uzamivu, yaani masomo ya udaktari (PhD). Wenzetu watatu wameanza, wawili wameahirisha, na kila kikao tulirudi palepale: bila PhD mtu ataendelea kuitwa mhadhiri msaidizi. Sibishi. Ila mwezi Mei, kwa ridhaa yake, nilikaa dawati la nyuma darasani kwa mwanachama mmoja, mtafiti hodari ambaye shahada yake haina doa. Kwa saa mbili alisoma slaidi akiwa amewapa wanafunzi mgongo, nao wakizipiga picha kwa simu. Swali likaja moja tu: "Hii itatoka kwenye mtihani?" Tulipotoka aliniambia, bila kuona haya, kwamba katika miaka yote ya uzamivu hakuna msimamizi aliyewahi kumwona akifundisha. Mwalimu wa darasa la tatu anaandika andalio la somo, na mthibiti ubora akija anataka kuliona. Sisi nani anatuuliza andalio? Mimi mwenyewe kilichonisitiri ni stashahada ya ualimu na yale mazoezi ya kufundisha tuliyokuwa tukiyalalamikia.

Wamarekani waliliona tatizo hili zamani. Vyuo vyao vya miaka miwili vilikuwa vikiongezeka kwa kasi, vikihitaji walimu, huku PhD ikizalisha watafiti. Mwaka 1967 Carnegie Mellon, kule Pittsburgh, ikaanzisha shahada ya Doctor of Arts (D.A.). Ni udaktari kamili, lakini mwanafunzi anasoma somo lake kwa upana badala ya kuchimba shimo moja, anasomea ufundishaji wa chuoni, na anafundisha akiwa chini ya usimamizi. Tasnifu yake inaweza kuhusu namna ya kufundisha somo lenyewe. Shirika la Carnegie, mfuko wa hisani wa New York, likatoa fedha, na vyuo vingine vikafuata, kikiwemo Idaho State.

Baadhi yenu mlipendekeza tuombe shahada kama hiyo hapa nyumbani. Kamati ililijadili pendekezo hilo, na mimi nililipinga. Huko kwao haikuenea sana: kamati za ajira ziliendelea kutafuta PhD, na mwenye D.A. akaonekana kama aliyepita mlango wa nyuma. Kwetu, tunavyopenda vyeo, itakuwa mara mbili. Mkufunzi wa Nachingwea atasota miaka minne, kisha aulizwe, "Hiyo nayo ni PhD?"

Kwa hiyo barua tuliyoandika, na ambayo bado haijajibiwa, haiombi shahada mpya. Inaomba mwanafunzi wa uzamivu anayekusudia kufundisha apewe walau muhula mmoja wa kufundisha, na msimamizi wake akae darasani humo, asiletewe ripoti tu. Mzee wetu wa Mikindani alinikumbusha kikaoni kuwa uzamivu umetokana na kuzama, na pwani anayezama husubiriwa aibuke na pweza.

Wakati tunasubiri majibu, tumeanza kutembeleana madarasani. Waliojiandikisha ni wachache, na wengi wao wanataka kutembelea, si kutembelewa. Daftari liko kwa katibu, mezani karibu na chai. Jina langu ni la kwanza: Jumatatu, saa mbili asubuhi. Njooni mkae nyuma.

Mwenyekiti