Mafundi wa Arusha si wezi wa hataza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nami nitoe ya moyoni. Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia hata mstari. Nilinyamaza mlipowashauri wenye magari waongeze maji ya bomba kwenye betri, maji ya Arusha hii ambayo floraidi yake inatutia meno rangi. Nikajisemea, waandishi wa habari hawafungui betri, tuwasamehe. Lakini ile taarifa yenu kwamba mafundi wa mitaa ya Unga Limited na Ngarenaro "wanaiba teknolojia ya watu" imenifika shingoni.

Mwandishi wenu alipita gereji kwa gereji akipiga picha pula (vile vifaa vya kung'olea vyuma vilivyoganda), jeki, vibanio na betri za pikipiki zilizoungwa upya kwa seli za litiamu. Kisha akaandika kwamba kila kimoja kina mwenyewe Ulaya, Marekani au China, na anayekinakili ni mwizi. Maswali mawili tu hakuyauliza: hataza, yaani ile haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine, ilitolewa nchi gani, na mwaka gani? Bila majibu ya hayo, habari nzima ni uvumi wenye picha.

Nyinyi mkishaandika mnageuza ukurasa, sisi ndio tunaobaki na matokeo. Siku chache baada ya gazeti kutoka alinijia bwana mmoja amevaa tai, kwapani ana bahasha ya kaki, gazeti lenu amelikunja ili ukurasa ule ule uonekane. Akajitambulisha kuwa ni wakala wa kampuni ya nje. Kwenye benchi nilikuwa na pula ndogo ya kung'olea vichwa vya betri vilivyoganda kwa ule unga mweupe. Niliichonga mwenyewe kwa chuma cha springi ya Land Rover, maana vijana wakikigonga kichwa kwa nyundo, ile metali ya risasi inaachia ndani na betri imekwenda. Akaishika, akaigeuza geuza, akasema hii ina hataza ya Marekani, nilipe ada ya leseni papo hapo kwa simu, la sivyo gereji itafungwa. Nikamwambia, sawa bwana, nipe namba ya hataza. Akababaika kidogo, kisha akanisomea kutoka kwenye karatasi. Mpwa wangu anayesoma chuo alikuwapo anachaji simu. Akaiingiza ile namba kwenye intaneti, waraka ukafunguka bila kulipia chochote, michoro yote na maelezo yote, hata pembe ya mdomo wa kibanio imeandikwa. Ilitolewa Marekani miaka ya sabini. Enzi hizo hataza ya Marekani ilidumu miaka 17 tangu kutolewa, basi. Ilikufa kabla yule bwana hajaota ndevu! Na hata ingekuwa hai, ingekuwa hai kwao Marekani, si Ngarenaro. Nikachomoa spana malaya mfukoni nikamwuliza kama na hii ana ada yake, maana Johan Petter Johansson wa Sweden aliisajili mwaka 1892. Akakunja bahasha yake akaondoka bila kuaga. Wenzangu wawili wa mtaa wa pili hawakuwa na mpwa wa kuwaangalizia. Walilipa. Hiyo ndiyo kazi ya taarifa yenu, Mhariri.

Ngoja nieleze, kwa kuwa inaonekana mwandishi hakuelezwa. Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na dola. Dola inampa muda wa kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza kitu chake. Siku hizi katika nchi nyingi ni miaka 20 tangu siku ya kuomba, tena mpaka awe analipia ada za kuitunza. Akiacha kulipa inaanguka mapema. Yeye naye analipa kwa kuimwaga siri yote hadharani, kwa undani wa kumwezesha fundi anayeijua kazi hiyo kukitengeneza kitu chenyewe. Muda ukiisha ni cha watu wote. Na ulinzi wake haukai hewani, unakaa katika nchi ulikoombwa: anayeutaka Tanzania anaomba BRELA, wakala wetu wa usajili, au anapitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika la hataza kule Harare, na kuitaja Tanzania. Asipofanya hivyo, hapa kwetu hana cha kudai. Ukinakili bidhaa yake ukaipeleka kuiuza kule alikosajili, hapo atakukamata, na haki ni yake. Mimi pula zangu haziendi mbali zaidi ya Usa River, hapa jirani na Arusha.

Mwandishi akatuhimiza tusajili na sisi, eti kila hataza ni utajiri. Charles Goodyear alipewa yake Marekani mwaka 1844 kwa kupika mpira pamoja na salfa, ugunduzi uliozaa matairi yote haya tunayoyaona. Miaka ikamwishia mahakamani akifukuzana na walioivunja, akafa 1860 akiwa na madeni. John Goodenough ndiye aliyeonyesha ile kobalti oksidi iliyoingia kwenye betri za simu. Chuo Kikuu cha Oxford hakikuona haja ya kuisajili, haki zikaenda kwenye maabara ya serikali ya Uingereza, na yeye hakuambulia senti ya hataza hiyo. Nobeli alipewa 2019, ana miaka 97. Sisemi watu wasisajili. Anayevumbua kitu kipya aombe mapema, tena kabla hajakipeleka kwenye maonyesho kupigwa picha na wakubwa, maana katika nchi nyingi ukishakianika chako unaweza kupoteza sifa ya upya. Hilo mngeliandika lingesaidia. Lakini Arusha tulikuwa na kiwanda kizima cha matairi, General Tyre. Ujuzi wa Goodyear ulikuwa bure tangu karne ya 19. Kiwanda hakikufa kwa kukosa hataza.

Wezi wapo, siwatetei. Yule anayechukua betri chakavu akang'arisha kasha, akajaza asidi na kubandika lebo ya kampuni yenye jina, huyo anaiba alama ya biashara na anamwibia mteja. Tume ya Ushindani ipo kwa ajili yake. Mfuateni, maduka mnayajua, mengine mnayatangaza.

Tena mwandishi alimalizia kwa kuwasifu wenzetu waliofika mahali kifurushi "kinafuatiliwa kwa namba dunia nzima". Nilicheka peke yangu. Niliagiza haidromita ya kupimia asidi, nikapewa namba ya kufuatilia: herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili za nchi, kwa utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani. Tarakimu ya tisa inapigiwa hesabu kutoka zile nane za mbele yake ili mtu akikosea kuandika mashine ing'amue. Mfumo mzuri, sina ugomvi nao. Hata ile mistari myeusi ya kusomwa na mashine ilianza kwenye hataza ya Marekani ya Norman Woodland na Bernard Silver ya mwaka 1952, ikaisha muda 1969, miaka mitano kabla bidhaa ya kwanza haijapitishwa kwenye mashine dukani mwaka 1974. Yaani wazo ni bure! Kinachotakiwa ni mtu ainue mashine aielekeze kwenye kifurushi. Changu kiliendelea kuwa "njiani" mpaka nikachoka, nikaenda mwenyewe kwenye ofisi moja ya vifurushi hapa mjini. Siitaji kwa sababu nina mzigo mwingine kwao. Nikakiona kwenye rafu nyuma ya karani, jina langu limenitazama. Karani anasema mfumo unaonyesha hakijafika. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema mpaka kiskaniwe ndipo kihesabike kimefika, na mashine ya kuskani imezima, betri yake imechoka. Nikajieleza kuwa mimi ni fundi betri, nikaomba niitazame. Hairuhusiwi, ni mali ya ofisi. Nikaambiwa nirudi kesho, huku kitu kiko hatua tatu kutoka nilipo!

Sasa ninachoomba. Jumamosi mnatoa nusu ukurasa wa nyota. Mimi wa nyota ya Mashuke nimeahidiwa safari ya mbali na bahati ya fedha kila juma na sijaziona. Ondoeni nyota, wekeni hapo hataza moja iliyokwisha muda, kwa Kiswahili, juu yake mmeandika nchi na mwaka ilipotolewa na mwaka ilipoisha. Wa kutafsiri wapo Chuo cha Ufundi Arusha, walipeni kile mnachomlipa mnajimu. Anzeni na Mfaransa Camille Faure, 1881, aliyepaka uji wa oksidi ya risasi kwenye sahani za betri na kutuepusha na kazi ya mtangulizi wake Planté ya kuchaji na kuchosha, kuchaji na kuchosha, mpaka sahani ikomae. Halafu leteni pula, jeki na vibanio, vyote mlivyovipiga picha, ili msomaji ahesabu mwenyewe nani mwizi. Za kale zikiisha mtahamia miaka ya tisini, ambazo nazo karibu zote zimeshakufa na ndizo zenye faida zaidi kwa vijana wanaounga betri za litiamu kwa kubahatisha.

Mchoro tu msiupunguze ukawa kama stempu. Fundi anasoma namba za vipande kwanza, maneno baadaye, na gereji nyingi za huku zina taa moja.

Fundi wa betri,
Ngarenaro, Arusha