Shukrani kwa dada wa duka la dawa, Malindi

Dada, jina lako silijui lakini nataka nikushukuru mbele za watu. Nilikuja kuuliza PrEP, ile dawa ya kujikinga na virusi vya UKIMWI, kwa sauti ya chini manake alokuwa nyuma yangu namjua, we ukanisogeza kwenye kile kiti kando ya friji tukaongea taratibu, wala hukuniuliza mume wangu virusi alivipata wapi. Ukanieleza lazima nipime kwanza sababu dawa hii ni ya mtu asiye na virusi, kidonge kimoja kila siku, na figo ziangaliwe. Halafu ukaniambia hospitali za serikali zinatoa bure tangu 2017, yani ukaacha kuuza ukanielekeza! Na PEP, ile ya dharura mtu akishakuwa kwenye hatari ya kuambukizwa, ukasisitiza inaanzwa ndani ya saa 72.

Kule California sheria ya 2019 iliwaruhusu wafamasia kutoa PrEP bila kungoja cheti cha daktari, na kampuni za bima zikazuiwa kudai kibali kwanza ndo zilipie dawa. Natamani na huku tufike hapo, wengi wetu duka la dawa ndo tunaingia bila jirani kuuliza tumefata nini. Mungu akuzidishie dada angu, mume wangu pia anakusalimu sana.