Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tupimieni damu kabla hatujauza viwanja

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naomba unisikilize. Wiki iliyopita kaka yangu, mgonjwa wa saratani ya mapafu, ameambiwa kuwa tiba ya kinga, yaani dawa ya kuamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, haijamsaidia. Picha ya CT imeonyesha uvimbe umekua na umeshafika kwenye ini. Kwa ajili ya dawa hiyo tuliuza kiwanja alichokuwa awajengee wanawe. Dawa yenyewe ni pembrolizumabu: dozi moja ni chupa mbili za miligramu 100, kila baada ya wiki tatu, na kila mara tulilipa kwanza dirishani ndipo dripu itundikwe.

Sina ugomvi na dawa. Kuna waliokatiwa tamaa ambao wako hai leo kwa sababu yake. Lakini haimfai kila mtu, na madaktari wanalijua hilo. Katika majaribio mawili makubwa ya nivolumabu, dawa ya jamii hiyohiyo, yaliyochapishwa mwaka 2015, uvimbe ulisinyaa kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa saratani ya mapafu waliokwisha kutumia kemo. Sisi tuliambiwa bei tu.

Kinachoniuma zaidi kimo ndani ya faili lake. Karatasi ya FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ya siku ya kwanza inaonyesha neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, ziko juu sana. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walichapisha hesabu ambayo hata mimi naiweza: chukua neutrofili, gawanya kwa chembe nyeupe zilizobaki. Jibu likizidi 3, na LDH, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli zikiharibika, nayo ikiwa juu ya kawaida, mgonjwa yuko kwenye kundi ambalo mara nyingi halifanyi vizuri hata likipewa tiba hii. Hakuna aliyetukalisha chini akatusomea karatasi ile.

LDH yenyewe ilipimwa ovyo. Chupa ya damu ilikaa juu ya meza karibu na dirisha, juani, tangu asubuhi mpaka alasiri. Walipoizungusha kwenye mashine, maji ya juu yalikuwa mekundu badala ya manjano. Chembe nyekundu zikipasuka humwaga LDH yake, na jibu linapanda kwa uongo. Kijana wa maabara alisema kipimo kirudiwe. Hakikurudiwa.

Najua namba hizi si hukumu. Maambukizi hupandisha neutrofili, dawa za steroidi kama deksamethasoni pia. Tena Waafrika wengi kwa urithi tuna neutrofili chache kuliko Wazungu, kwa hiyo hiyo 3 ya Wafaransa huenda isitufae. Ndiyo maana tupimwe sisi, matokeo yaandikwe, tupate namba yetu! Vile vipimo vya kutafuta DNA ya uvimbe ndani ya damu ni ghali, sikuombi leo. Ninachoomba ni FBP na LDH, vitu ambavyo maabara zinavifanya kila siku.

Sijui nani anazembea. Nahisi ni mwongozo usiolazimisha, au wauzaji wanaotaka chupa zitoke, au daktari mmoja mwenye foleni ya watu mpaka nje. Lakini Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, tukaambiwa mzigo wa matibabu utatutoka mabegani. Mheshimiwa, mzigo bado tunao.

Toa agizo moja. Asiandikiwe mtu tiba ya kinga kabla ya kupimwa FBP na LDH, damu iliyoharibika irudiwe, na daktari aisomee familia majibu kwa Kiswahili kabla haijalipa. Kipimo kirudiwe tena baada ya dozi za mwanzo. Agizo hilo tu, Mheshimiwa. Kaka yangu limempita, ila wiki hii kuna familia nyingine inatafuta mnunuzi wa kiwanja.

Wako mtiifu,
Dada wa mgonjwa, Dar es Salaam