Mwanangu ana miaka 15, mnamrudishaje kwa watoto wa darasa la kwanza?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo, mimi ni mama tu nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, sio mwandishi kwa hiyo nikichanganya mnivumilie.

Mwezi wa pili mwanangu aliyeko kidato cha pili kapimwa hospitali ya rufaa wakasema ana usonji. Ana miaka 15. Kila ninayemwambia swali lake la kwanza ni lile lile, mama siku zote ulikuwa wapi? Nilikuwa hapa hapa jamani. Huyu mtoto aliongea mapema na mpaka leo anaongea, umkalie karibu akuanzie habari za vivuko vya Kamanga, kipi kinaondoka saa ngapi, kipi kimechelewa juzi na kwa dakika ngapi, mpaka wewe mwenyewe utafute pa kutokea. Sasa nani angewaza usonji wakati tunavyosikia mtaani usonji ni mtoto asiyeongea kabisa? Darasa la saba kafaulu vizuri. Kasheshe imeanza sekondari, darasa moja watoto karibu 90, kengele ni ringi ya gari inagongwa na nondo nje ya dirisha lake, kila kipindi mwalimu mwingine na ratiba inabadilishwa asubuhi hiyo hiyo bila kuambiwa, basi mtoto anaziba masikio anaingia chini ya dawati, wanasema ana kiburi, hamwangalii mwalimu usoni, ana dharau.

Siku moja mwalimu kamwambia "hebu rudia tena uone". Akarudia. Si kaambiwa arudie? Viboko vinne na mimi nikaitwa shule.

Nyumbani nako kila mtu daktari. Shemeji anasema kalogwa nimpeleke kwa mtu wake huko Geita, jirani anasema ni chanjo. Daktari alitueleza vizuri tu, usonji mtu anazaliwa nao, ubongo unapokea mambo kwa namna yake, sio ugonjwa wa kusema umeze dawa upone, na hayo maneno ya chanjo yalitoka kwenye makala ya mwaka 1998 ya daktari wa Uingereza ambayo jarida lenyewe lililoitoa liliifuta mwaka 2010. Mwenyewe kijana alisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali moja, kwa hiyo itabidi cheti cha kuzaliwa kibadilishwe? Tulicheka wote mpaka daktari.

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Nilidhani nikishapata ile karatasi ya hospitali mambo yatanyooka. Wapi! Shuleni wakaniambia mpeleke kwenye kitengo cha elimu maalumu. Nikakipata, kiko shule ya msingi, nimefika nakuta watoto wa miaka saba, nane, wanafundishwa kufunga vifungo vya shati, na mwanangu amesimama mlangoni na ndevu zinaanza kuota. Nikaenda ofisi ya elimu, wakasema hilo ni la hospitali. Hospitali wakasema sisi tumeshapima, la masomo ni la elimu. Shule binafsi moja wakanitajia ada, nikapiga hesabu ya magunia ya dagaa nikaaga kwa heshima. Nauli za hiace peke yake zimenimalizia mtaji wa wiki mbili.

Aliyenisaidia ni yule yule mwalimu wa kitengo. Kasomea Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu kule Arusha, akamwangalia kijana, wakaongea vivuko kama nusu saa, akaniambia mama huyu sio wa hapa, huyu abaki darasani kwake ila wenzangu wabadilike kidogo. Akachana karatasi ya daftari akaandika. Akae mbele upande wa ukuta mbali na dirisha. Ratiba ikibadilika aambiwe kabla. Maelekezo yaandikwe ubaoni moja moja, na mafumbo waachane nayo, akitakiwa kunyamaza aambiwe nyamaza. Makelele yakimzidi atoke nje dakika tano halafu arudi, na asilazimishwe kuangalia mtu machoni, anasikia vizuri tu akiangalia chini. Basi. Hakuna hata kitu kimoja cha kununua pale zaidi ya pamba ya masikioni ambayo nainunua mwenyewe.

Mwalimu wa Jiografia ameifuata ile karatasi na huko sasa hivi mtoto anachora ramani ya ziwa mpaka visiwa ambavyo mimi wa Mwaloni sivijui. Wengine wanasema watampendeleaje mmoja kati ya 90. Sokoni kwetu kuna mzee mgongo umekufa, gunia lake tunambebea tukishusha mzigo, na bei anauza kama sisi, sijasikia mtu akisema mzee anapendelewa.

Na muda unaenda. Mwisho wa mwaka kuna upimaji wa taifa wa kidato cha pili. Baraza la Mitihani huwa linatangaza lenyewe kwamba watahiniwa wenye mahitaji maalumu wanaongezewa muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa masomo mengine. Lakini lazima shule ipeleke taarifa kwamba huyu ni mmoja wao, na mimi nikiuliza naambiwa mbona anaona vizuri, anatembea, haonekani mlemavu. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, ina maana miaka yote hii bado tunaangalia miguu na macho tu?

Ninachoomba halmashauri zetu, Ilemela na Jiji la Mwanza, ni kidogo. Karatasi ya hospitali ikitoka iwe na mtu mmoja wa elimu anayeipokea na kuifikisha shuleni kwa mkono wake, sio mzazi azunguke nayo kama muuza karanga. Na hawa walimu wa vitengo waliosomea haya mambo waitwe sekondari jirani hata siku moja tu kila muhula wawaeleze wenzao, mahali pengine ni kuvuka barabara.

Jumatatu sifungui biashara, naenda shuleni na kopi tatu za karatasi ya hospitali, moja ya mkuu wa shule, moja ya mwalimu wa darasa na moja ya anayeshughulikia mitihani, na safari hii nitaomba wanisainie kwamba wamepokea.

Mama wa kidato cha pili,
Kirumba, Mwanza