Mjadala wa Kigali na Formula 1: someni kabla ya Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa 2 usiku tunajadili ombi la Rwanda, lililotangazwa Kigali Desemba 2024, la kurudisha mbio za magari za Formula 1 Afrika. Mara ya mwisho ilikuwa Kyalami, Afrika Kusini, 1993.

Tafadhali tusirudie ile ya "barabara za Kigali ni safi, zitumike hizohizo". FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, hutaka mzunguko usiopungua kilomita 3.5, upana wa mita 12, na mita 15 pale magari yanapojipanga kuanza. Kwenye kona kali lazima pawe na nafasi ya gari lililokosea kupunguza mwendo kabla ya kugonga ukuta. Kwenye vilima vile utaipata wapi? Halafu kuna mifuniko ya mitaro: gari hupita chini mno na kuifyonza, na isipokazwa vizuri hung'oka. Las Vegas 2023 mazoezi ya kwanza yalivunjika dakika chache tu baada ya kuanza, gari la dereva Carlos Sainz limeharibiwa sakafu na mfuniko.

Ndiyo maana inatajwa Bugesera, wilaya iliyo kusini mwa Kigali, karibu na uwanja mpya wa ndege.

Mnaopinga gharama, msiishie kwenye ujenzi; ada ya kuandaa hulipwa kila mwaka. Na jamani, ujumbe wa sauti usizidi dakika 2.